Mwigizaji wa jukwaani akikubali kazi ya sauti tupu, anajizika?

Binti_wa_Nsambya:

Jebaleko wote. Naomba ushauri wa waliopita njia hii wenyewe. Wanaokisia nimewasikia vya kutosha nyumbani.

Mimi ni mwigizaji wa jukwaani hapa Kampala, huu mwaka wa tisa. Nimekulia kambi za polisi: Nsambya, halafu Tororo, halafu Nsambya tena, kwa sababu baba alikuwa konstebo na kila alipohamishwa tulifunga magodoro na kuku tukapanda lori. Kiswahili nilikiokota humo. Ndani ya kila nyumba kulikuwa na lugha yake, Kiacholi huku, Kiteso kule, Kilugbara pale, lakini uani watoto wote tulitukanana kwa lugha moja. Mwaka juzi nilipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha dogo la michezo ya kuigiza. Ni kipande cha ubao chenye bati la njano. Mama amekiweka juu ya televisheni na kukifunika kitambaa, na wageni wanafunuliwa.

Sasa, studio moja hapa mjini wamenipigia. Wana tamthilia ya nje, vipindi 120, wanataka kuingiza sauti za Kiswahili. Wananitaka niwe mama mkwe. Na kwa kuwa pesa ni za kubana, niwe pia muuguzi, jirani mmbea, na mtoto wa kiume wa miaka saba. Shilingi 60,000 kwa kipindi, siku sita kwa wiki, miezi minne. Jumamosi iliyopita jukwaani, baada ya kugawana za mlangoni na kutoa nauli ya boda, nilirudi nyumbani na 35,000. Kwa hiyo hesabu yenyewe naijua.

Ninachoogopa ni viwili. Kwanza, kiongozi wa kundi letu ameniambia wazi: "Ukiingia kile chumba hutoki. Watu husahau sura kwa miezi mitatu." Mama naye ameuliza swali ambalo bado linaniuma: "Sasa nani atajua kuwa ni wewe?"

Pili, siku ya majaribio mwongozaji alivua hedifoni akacheka, akasema Kiswahili changu kina kwata, yaani gwaride, ndani yake. Kwamba nikisema "njoo hapa" anasikia sajini. Anataka niseme kama mtu wa Unguja. Unguja sijawahi kufika. Nimekuwa nikifanya mazoezi mbele ya kioo mpaka mdogo wangu ananiita Bi Harusi wa Zanzibar.

Nimesoma sana habari za Florence Kasumba, mzaliwa wa hapa hapa Kampala. Kacheza jukwaani, kaonekana kwenye filamu kubwa, na sauti yake ndiyo ya yule fisi Shenzi wa filamu ya The Lion King. Yeye mbona sauti haikumzika? Au ni kwa sababu yuko Ujerumani?

---

Katwe_Juu:

Sista, nani kakudanganya kuwa mtu wa sauti hajulikani Uganda hii? Nenda kibanda chochote cha filamu uulize leo wanaonyesha nini. Hutaambiwa jina la mcheza filamu, utaambiwa "ni ya Jingo" au "ni ya Junior". Mwigizaji alilipwa mamilioni ya dola kule, huku filamu ni mali ya VJ, yule anayeitafsiri kwa sauti yake akiwa amekalia kreti ya soda. Nimewahi kuona watu wanadai warudishiwe hela zao kwa sababu filamu ilikuwa haina VJ. Filamu nzima ipo, picha safi, wanataka hela!

Ila hao wote ni wanaume. VJ wa kike mimi bado sijamsikia pale kwetu. Labda uanze wewe, uachane na mama mkwe.

---

Bi_Bombo:

Mwanangu Binti wa Nsambya, salaam. Mimi ni Mnubi wa Bombo, miaka 58, na kazi hii ya sauti nimeila na yenyewe imenila. Nitaandika ndefu, mwenye haraka apite.

Nianze na huyo Kasumba, kwa sababu umemshika vizuri halafu ukamwachia katikati. Alizaliwa Kampala mwaka 1976, akakulia Essen. Akiwa na miaka 12 alipelekwa kuona mchezo wa nyimbo, ule ambao wachezaji wanateleza na viatu vya magurudumu wakijifanya magari moshi, na hapo ndipo akasema kazi yangu nimeiona. Akaenda Tilburg, Uholanzi, akasomea kuigiza, kuimba na kucheza, vyote vitatu pamoja. Kisha akafanya michezo ya nyimbo jukwaani, mmoja baada ya mwingine: Cats, West Side Story, Evita, akashika nafasi ya Aida mwenyewe, na alikuwemo pia katika The Lion King ya jukwaani. Hiyo yote kabla walimwengu hawajamjua. Wengi walimwona mara ya kwanza mwaka 2016, kama Ayo mlinzi wa Wakanda kwenye filamu ya Captain America: Civil War, anamwambia mtu asogee njiani. Maneno machache tu yale, lakini ukumbi mzima uligeuza shingo. Nakwambia mwanangu, maneno yale hayakubebwa na sura peke yake. Yamebebwa na mtu aliyezoea kuongea na safu ya mwisho kila jioni.

Halafu angalia mwaka 2019. Mwaka huohuo ameanza kuonekana kama mpelelezi wa Göttingen katika Tatort, ile tamthilia ya polisi ambayo Wajerumani hukaa Jumapili usiku kuitazama kama sisi tunavyokaa na mpira, na mwaka huohuo sura yake haipo kabisa, ni Shenzi fisi. Yaani sura na sauti vilikwenda sambamba. Hakuacha kimoja akachukua kingine. (Na mimi nacheka peke yangu: mtoto wa Kampala kapewa jina ambalo hapa Bombo ukimwita mtu mtafikishana kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Mwaka 1994 Shenzi alikuwa Whoopi Goldberg, wa kuchekesha. Kasumba alimfanya mkuu wa ukoo, hachekeshi hata kidogo.)

Mwingine wa kumtazama ni Lupita Nyong'o, jirani yetu. Machi 2014 anapokea Oscar. Kwa akili ya kiongozi wa kundi lako, huyo angekazana sura ionekane kila mahali. Kafanya nini? Mwaka 2015 ni Maz Kanata wa Star Wars, bibi mfupi wa miwani aliyechorwa na kompyuta. Mwaka huohuo anapanda jukwaani New York katika Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake wa vita vya Liberia, mchezo ambao akiwa mwanafunzi Yale alikuwa mwigizaji wa akiba, yule anayejifunza maneno yote akingoja mwenzake augue. Mwaka 2016 mchezo umeingia Broadway, yeye ni mbwamwitu Raksha kwenye The Jungle Book, na mwaka huohuo ndiyo tunamwona hapa kwetu, Harriet mama yake Phiona kwenye Queen of Katwe. Hapo sura tumeiona vizuri, jua la Katwe limempiga usoni. Mwaka 2024 kajificha tena, ni roboti Roz kwenye The Wild Robot. Sikiliza tu Roz anavyoanza, sauti ya mashine ya benki inayokuambia bonyeza mbili, kisha polepole inaingia damu, na huwezi kuonyesha kidole ukasema imeingia hapa. Mimi nilirudia nusu saa ya mwanzo mara tatu, mjukuu akachoka akalala.

Lakini sikudanganyi. Lupita alijificha akiwa tayari na sanamu ya dhahabu kabatini. Wewe una bati la njano juu ya televisheni. Mtu wa kwanza akijificha anatafutwa, wa pili akijificha anasahauliwa, kwa hiyo kiongozi wako hana makosa yote. Ndiyo maana nasema: kazi chukua, Jumamosi usiuze. Waambie siku tano. Watanuna, watasema ratiba, watasema mteja. Wakikutaka kweli watakupa, kwa sababu mwanamke mmoja anayeweza kuwa mama mkwe, muuguzi, mmbea na mtoto wa kiume hawampati kila kona ya Kampala, na wao wanajua.

Sasa nikueleze kile chumba, kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi.

Nilianzia jukwaani miaka ya 80 mwishoni. Rose Mbowa wa Makerere alikuwa bado yupo, Mungu amrehemu, alifariki mwaka 1999. Nilimwona kwa macho yangu miaka ya 90 akicheza Mother Courage kwa Luganda. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na neno halikunipita. Hakuna maiki. Basi na mimi nikajifunza hivyohivyo, kutupa sauti mpaka ukutani. Nikajiona mkubwa.

Siku ya kwanza chumbani wakanipa mama anayefiwa. Nikalia kama nilivyolilia jukwaani. Kijana wa mitambo akaruka kwenye kiti kama kaungua, akavua hedifoni, akatukana kwa Luganda, halafu akaniomba radhi kwa sababu nalingana na shangazi yake. Akasema, "Mama, maiki iko hapa, kiganja kimoja tu. Wewe unamlilia nani, Entebbe?" Nikalia mara sita. Ya saba akaniambia nilie kama nimefiwa usiku na sitaki jirani asikie. Hiyo ndiyo iliyokwenda hewani. Kilio kidogo, cha puani, na mate yanamezwa katikati. Nilitoka pale miguu inatetemeka. Jukwaani sikuwahi kuchoka vile, kwa sababu jukwaani mikono inasaidia, mgongo unasaidia, kanga unaitupa chini. Mle ndani umesimama kama msumari. Vyote vile lazima vipite kooni.

Na usivae gomesi. Unacheka? Nilitoka kwenye kwanjula, sherehe ya posa, ya mpwa wangu nikaja moja kwa moja, gomesi ya hariri, mshipi mkubwa kiunoni. Kila nikivuta pumzi, kwaa, kwaa, kwaa. Kijana anatafuta panya chumba kizima. Mwisho wakanivalisha fulana ya fundi na leso kiunoni, nikacheza malkia wa Kituruki nikiwa nimevaa fulana ya Arsenal. Bangili vua. Usile karanga. Beba maji ya vuguvugu na tufaha la kijani, ule kipande kidogo kinywa kikianza kunata, maana ule mlio wa mate maiki inaupenda kuliko maneno.

Jambo lingine ni midomo. Kiswahili chetu ni kirefu, mwanangu. Mzungu anasema "no", amemaliza, wewe una "hapana", mara tatu. Luganda wanasema "nkwagala" wanapumzika, sisi "nakupenda" bado tunapanda mlima. Siku moja mswada uliandikwa "Sitakusamehe kamwe". Hesabu: silabi nane. Yule mama kwenye skrini kafungua kinywa mara tano tu, na midomo yake imegusana mara moja, karibu na mwisho. Tulikaa pale dakika ishirini. Mwisho nikasema, "Sikusamehe." Silabi tano, na midomo inagusana kwenye "me", palepale anapoifunga yeye. Na ni kali zaidi. Mwandishi alikuwa hayupo, angekataa. Herufi za kuogopa ni m, b, p, maana mtazamaji akiona midomo imefungwa na wewe uko kwenye "a", anajua kadanganywa hata kama hajui kadanganywa na nini. Ukijua hilo, utakuwa unawarekebishia mswada, na hiyo ni kazi ya pili, idai bei yake.

Kelele na mayowe, waambie yarekodiwe mwisho wa siku. Siku zote. Mimi niliwahi kupiga mayowe ya moto saa tatu asubuhi, nikabaki nakwaruza wiki mbili, na Jumamosi ile jukwaani nilisimama kama bubu anayepungia watu mkono.

Kuhusu kunila. Kampuni moja ya sabuni, siitaji. Nilisoma maneno kumi na moja, nikapewa shilingi 150,000 mkononi, nikatia sahihi karatasi ambayo sikuisoma kwa sababu nje mvua ilikuwa inakuja na teksi za Bombo mvua ikinyesha hupandisha nauli. Tangazo lilipigwa miaka sita. Siku moja niko kwenye teksi, tumefika Matugga, redio ikapiga, na konda akaliigiza lote, sauti yangu, na ile pumzi yangu kabla ya neno la mwisho. Abiria wakacheka. Kisha akanigeukia: "Maama, nauli." Nikampa.

Kwata yako nitairudia, mjukuu ameamka.

---

Fundi_Maiki:

Mimi ndiyo hao vijana wa mitambo. Bi Bombo kasema kweli, hasa gomesi. Ongeza na paa la bati: studio nyingi za bei yetu mvua ikinyesha kazi inasimama, uliza mapema kama saa za kungoja mvua zinalipwa.

Mkataba, haraka haraka. Uandikwe kutumika wapi (televisheni, intaneti, nchi gani) na kwa muda gani. Wakitaka kurudia nje ya hapo, mnazungumza upya. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006, na mwigizaji ana haki zake humo, hata wa sauti. Wakikukata asilimia 6 usidhani umeibiwa, ni kodi ya zuio, ila dai cheti chake.

La mwisho ndilo kubwa. Tafuta sentensi inayosema sauti yako inaweza kutumika kwa "teknolojia yoyote iliyopo au itakayokuja". Ukiiona, ifutwe. Maana yake wanaweza kuilisha mashine sauti ya vipindi 120, na cha 121 hawakuhitaji. Waigizaji wa Marekani kupitia chama chao, SAG-AFTRA, waligoma siku 118 mwaka 2023, na mashine za namna hii zilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2024 wale wa sauti za michezo ya video wakagoma tena kwa jambo hilohilo. Sisi hatuna chama chenye meno kama kile, tuna kalamu tu. Chora mstari juu ya sentensi, weka sahihi ndogo pembeni.

---

Mwana_Uvira:

Dada, hiyo ya kuchekwa lugha naomba nami niingie. Mimi ni wa Uvira, nimefika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nikiwa mdogo, sasa niko Kampala. Kiswahili changu ni cha kwetu Kongo. Nilipoenda kwa majaribio yangu ya kwanza, mama mmoja alisema ninaongea kama mtu anayetafuna muhogo. Nikarudi kwa miguu mpaka Makindye.

Mwaka 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo ikaingia Kasese, watu wa afya walitaka matangazo ya redio kwa wanaovuka pale mpakani Mpondwe. Wakaleta sauti safi sana, ya pwani. Wanawake wa soko wakasema wanasikia, ila ni kama habari ya saa mbili, inahusu watu wengine. Ndipo wakatutafuta sisi. Badala ya "watoto waoshwe mikono kwa maji" tukasema "batoto banawe mikono na mayi". Niliisoma nikiwaza mama yangu mdogo anayeuza samaki wa kukausha, kwamba ninamsemesha yeye. Wiki ileile nilisikia bibi mmoja anamkaripia mjukuu wake kwa maneno yangu yaleyale.

Sikuambii ukatae Kiswahili cha Unguja. Jifunze, ni pesa. Ila usikifute chako. Mimi nina viwili mfukoni, na kile cha muhogo ndicho kimenipa kazi nyingi.

---

Bi_Bombo:

Nimerudi. Mwana Uvira kanipunguzia maneno, asante baba.

Kwata yako, mwanangu. Sisi Wanubi tumechekwa Kiswahili tangu babu zetu wako King's African Rifles, jeshi la mkoloni, nimezoea. Huyo mwongozaji ana haki kwenye jambo moja: tamthilia inakwenda kwa watu wengi, wakisikia sajini kwa mama mkwe watacheka mahali pa kulia. Lakini kosa lako si maneno. Watu wa kambini tunabana mwisho wa sentensi, tunaukata, kwa sababu tumekua tunasikia amri. Wa pwani wanauachia ushuke wenyewe. Sema "njoo hapa" ukiwa umekaa, umeegemea, kikombe mkononi, na "pa" ya mwisho usiipige, iache ianguke. Kioo kiache, hakikusaidii, sauti haionekani. Jirekodi kwenye simu, lala gizani usikilize.

Na mmbea mpe kwata yote. Mmbea wa kambini hana mpinzani duniani.

---

Binti_wa_Nsambya:

Nimekawia kurudi, nisameheni, ni wiki ya tatu sasa niko kazini.

Siku tano nimepata. Walinuna kama ulivyosema, Bi Bombo, mpaka wakanipigia simu saa nne usiku. Bei imebaki 60,000 ila marekebisho ya mswada nalipwa pembeni, 10,000 kwa kipindi. Nilianza na kudai 25,000, si mbaya. Ile sentensi ya teknolojia ilikuwepo kweli, Fundi, ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Nikachora mstari. Yule dada wa ofisi akasema hajawahi kuona mtu akifika ukurasa wa nne.

Jumanne mvua ilipiga bati, tukakaa dakika arobaini tunakula kikomando, chapati na maharagwe, na mwongozaji, na nikamchezea mmbea wa kambini ili tu kupitisha muda. Alicheka mpaka chapati ikampalia. Akasema huyo ndiyo jirani, usimguse. Kwa hiyo kwata imeingia hewani rasmi.

Mama bado hajaridhika. Nilimtumia kipande cha dakika moja kwa simu, mama mkwe anamfukuza mkamwana. Akanipigia: "Huyo mama ni mbaya sana, anamtesa mtoto wa watu. Sasa wewe uko wapi?" Nikamwambia ni mimi, mama. Kimya. Kisha akaita jirani aje asikilize, na nikasikia kwa mbali kitambaa kinafunuliwa.

Jumamosi nilipanda jukwaani, sauti ipo. Lakini nina tatizo moja, Bi Bombo. Kicheko. Kipindi cha 31 mama mkwe anacheka, anacheka muda mrefu, na mimi nikicheka nina miaka 29 palepale. Kulia naweza kuzeeka. Kucheka kunanivua nguo.

---

Bi_Bombo:

Kicheko cha mzee hakianzii kifuani, kinaanzia kwenye pumzi inayotoka, haina haraka ya kurudi. Wewe unavuta hewa kwanza ndiyo unacheka, huo ni ujana. Toa hewa yote, baki mtupu, halafu cheka na kilichobaki. Na ulimi uuweke nyuma ya meno ya chini, kama anayeficha pengo.

Jaribu leo usiku, unitumie kwa simu. Usiniambie ni cha ngapi, tuma vyote.